Jibu Lililokosewa: Maandalizi ya Mtihani wa Hisabati Nyumbani

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, ambao Baraza la Mitihani la Tanzania huuendesha kila mwaka mwezi Septemba, pamoja na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unaoutangulia, ni mitihani sanifu, yaani mitihani ambayo watoto wote nchini hupewa maswali yaleyale kwa muda uleule na kusahihishwa kwa kigezo kimoja, ili alama ya mtoto wa Bujora iweze kulinganishwa na ya mtoto wa Masasi au wa Ilala. Katika mitihani hiyo Hisabati imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa masomo yanayowaangusha watoto wengi. Mwaka 2013, kwa mfano, waliofaulu somo hilo katika darasa la saba hawakufikia theluthi moja ya watahiniwa, na ingawa hali iliboreka katika miaka iliyofuata, hofu ya somo hilo haijatoka majumbani. Familia nyingi huikabili hofu hiyo kwa njia mbili, ambazo ni kumpeleka mtoto twisheni na kumnunulia vitabu vya mitihani iliyopita vyenye majibu nyuma. Njia zote mbili humwongezea mtoto idadi ya maswali, lakini mara chache humwonyesha kwa nini alikosea swali lililopita.

Katika maeneo kama Bujora, karibu na Kisesa wilayani Magu, kilometa zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza kando ya barabara iendayo Musoma, mchango wa nyumbani umeongezeka uzito tangu Januari 2016, pale serikali ilipoanza kutekeleza elimumsingi bila malipo kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Watoto ambao zamani wangezuiwa na michango waliandikishwa, jambo jema lisilo na ubishi, lakini wanafunzi waliongezeka haraka kuliko walimu, na mwalimu mwenye rundo la madaftari mbele yake hubaki na nafasi ya kuweka alama ya vema au ya kosa tu, bila kumuuliza kila mtoto alifikiri nini hata akafika pale alipofika. Swali hilo la mwisho linaweza kuulizwa nyumbani, hata na mzazi aliyeishia darasa la nne, kwa sababu anayeliuliza hahitaji kujua jibu sahihi. Anahitaji kusikiliza maelezo ya mtoto na kutambua pale yanapokatika.

Umuhimu wa swali hilo unaonekana katika muundo wa mtihani wenyewe. Tangu mwaka 2012 watahiniwa wa darasa la saba wamekuwa wakijibu kwa kuweka kivuli kwa penseli ya HB kwenye fomu maalumu inayosomwa na mashine, na katika muundo uliotumika miaka ya karibuni mtihani wa Hisabati umekuwa na maswali 45, ambayo 40 ni ya kuchagua na 5 ni ya kuandika njia na jibu kwa kalamu ya wino. Majibu yasiyo sahihi yanayopangwa pamoja na jibu sahihi huitwa vipotoshi, na mtunzi stadi haviokoti hewani, bali huvipata kwa kufanya kwa makusudi kosa lilelile ambalo watoto wengi hulifanya bila kujua. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyekosea njia mara nyingi hulikuta jibu lake limeandikwa pale, akaridhika, akaweka kivuli na kuendelea. Baraza la Mitihani huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, ambazo hupitia swali baada ya swali na kueleza ni udhaifu gani uliowapeleka watoto kwenye kila kipotoshi. Taarifa za Hisabati za shule ya msingi huandikwa kwa Kiswahili na hupatikana bure kwenye tovuti ya Baraza, na ni ajabu kwamba wazazi wengi wanaotoa fedha kununua vijitabu vya majibu hawajawahi kuzisikia.

Mfano ulio wazi ni wa mpangilio wa matendo. Karibu kila mtoto wa Tanzania anayefika madarasa ya juu ya shule ya msingi amekariri MAGAZIJUTO, kifupi kinachokumbusha kwamba katika hesabu yenye matendo mchanganyiko huanza Mabano, ikafuata Kugawanya, Kuzidisha, Kujumlisha na mwisho Kutoa. Kifupi hicho ni msaada mkubwa, lakini kina mtego ambao haufafanuliwi vya kutosha, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na hutendwa kwa kufuata mwelekeo wa kusoma, kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto anayezifuata herufi bila kuelewa, akipewa 20 − 8 + 5, hujumlisha kwanza 8 na 5 kupata 13, kisha akaitoa katika 20 na kuandika 7, wakati jibu ni 17. Kwa upande wa kugawanya na kuzidisha mtego huo hauumi, kwani 12 × 6 ÷ 3 huleta 24 iwe mtoto ameanza kugawanya au kuzidisha, na pengine ndiyo sababu watoto hukiamini kifupi hicho kupita kiasi. Mzazi asiyeijua kanuni yenyewe anaweza kuliona kosa kwa njia rahisi kabisa: amuulize mtoto kwamba mtu mwenye shilingi 2,000, akitumia 800 kisha akarudishiwa deni la 500, atabaki na kiasi gani. Mtoto atasema 1,700 bila kushika kalamu. Hapo aandikiwe 2,000 − 800 + 500 na aulizwe kwa nini daftari linasema 700.

Pengo hilo kati ya hesabu za shilingi na hesabu za daftari limechunguzwa kitaalamu. Mwaka 1985 Terezinha Carraher (ambaye baadaye alijulikana kama Nunes), David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti juu ya watoto wachuuzi wa mji wa Recife nchini Brazili, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, ambao walipoulizwa bei na chenji pale walipokuwa wakiuza walipatia asilimia 98 ya maswali, lakini hesabu zilezile zilipoandikwa kwa tarakimu tupu walipatia asilimia 37 tu, na zilipowekwa katika mafumbo ya maneno wakafikia karibu asilimia 74. Watoto hao hawakukosa akili ya namba. Walichokosa ni daraja la kuwavusha kutoka hesabu wanazozimiliki kwenda alama za shuleni. Mtoto wa Kisesa anayetumwa sokoni kununua dagaa au anayemsaidia mama yake kuuza nyanya yuko katika hali hiyohiyo, na kazi kubwa ya nyumbani ni kumfanya aandike kwa alama kile ambacho ameshakikokotoa kwa mdomo.

Mada ya sehemu, yaani namba kama 1/2 au 3/4 ambazo namba ya juu huitwa kiasi na ya chini asili, ndiyo inayonufaika zaidi na njia hii. Kosa lililozoeleka ni kujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hivyo 1/2 + 1/4 ikageuka 2/6. Mtoto huyohuyo anajua vizuri kwamba nusu kilo ya sukari ukiongeza robo unapata robo tatu, wala hakuna mwenye duka atakayemdanganya katika hilo. Akionyeshwa kwamba 2/6 ni sawa na theluthi moja, na kwamba theluthi ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, atatambua mwenyewe kwamba jibu lake limepungua baada ya kuongezewa, jambo lisilowezekana. Zoezi la kujiuliza kama jibu linaingia akilini kabla ya kuweka kivuli, ambalo wataalamu huliita ukadiriaji, lina faida kubwa katika mtihani wa kuchagua kuliko kanuni yoyote, kwa sababu vipotoshi vingi huanguka kwa kipimo hicho pekee.

Shamba nalo ni chumba cha mtihani. Wakulima wengi hupima ekari kwa makadirio ya hatua 70 kwa 70 za mtu mzima, na mtoto anayezunguka eneo hilo kwa miguu huhesabu hatua 280, ambazo ni mzingo, yaani urefu wa kuzunguka umbo, ilhali eneo, yaani ukubwa wa uso uliomo ndani, ni 70 mara 70, sawa na hatua za mraba 4,900. Kuchanganya vitu hivi viwili ni kosa la kawaida ambalo mchoro kwenye ubao huwa hauliondoi, lakini mtoto aliyetembea mpakani mwa shamba kisha akaambiwa akadirie idadi ya mashimo ya mahindi ndani yake haelekei kulirudia. Katika biashara kosa linalolingana na hilo ni la asilimia ya faida: aliyenunua dagaa kwa shilingi 40,000 na kuwauza kwa 50,000 amepata faida ya 10,000, ambayo ni asilimia 25 ya bei ya kununulia, lakini watoto wengi hugawanya kwa bei ya kuuzia na kupata asilimia 20, ambayo bila shaka itakuwa imewekwa miongoni mwa machaguo. Hata ramani ina nafasi yake: daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa takriban kilometa 3, litachukua sentimeta 6 kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, na mtoto anayeweza kueleza kwa nini amezigeuza kwanza kilometa kuwa sentimeta ameshaielewa mada ya skeli.

Maswali ya muda yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa mtoto huishi kwa saa za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa jua linapochomoza au kuzama, lakini hutakiwa pia kutumia mtindo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane. Ili kubadili, saa za asubuhi na mchana huongezewa 6, hivyo saa 8:30 mchana ikawa 14:30. Saa za usiku kabla ya saa sita huongezewa 18, hivyo saa 3:00 usiku ikawa 21:00. Na kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri na jua linapochomoza hupunguzwa 6, hivyo saa 12:30 asubuhi ikawa 06:30. Meli ikiondoka bandari ya Mwanza saa 3:00 usiku na kuingia Bukoba saa 12:30 asubuhi, mtoto anayebaki na saa za Kiswahili hutoa moja kwa moja na kupata saa 9 na dakika 30, jibu lililo sahihi, kwa sababu nyakati zote mbili zimo katika usiku mmoja. Anayekimbilia saa 24 bila kuzingatia usiku wa manane hutoa 6:30 katika 21:00 na kupata saa 14 na dakika 30. Hapa ujuzi wa nyumbani umeushinda wa darasani, na mtoto anastahili kujua hivyo.

Lugha ya maswali ni kikwazo kinachohesabiwa vibaya kama udhaifu wa hesabu. Katika kaya nyingi za Usukuma watoto huongea Kisukuma nyumbani na kukutana na Kiswahili cha vitabuni shuleni, na mtihani huongeza tabaka la tatu la istilahi, ambamo "zao" si pamba wala mpunga bali ni matokeo ya kuzidisha, na "tofauti" ni kile kinachobaki baada ya kutoa. Wapo walimu na vitabu vinavyowafundisha watoto kuwinda maneno ya ishara, kwamba "zaidi" maana yake kujumlisha na "baki" maana yake kutoa, njia ambayo huonekana kusaidia mpaka mtunzi anapoandika swali la aina hii: mkulima alivuna magunia 24 ya mpunga mwaka jana, ambayo ni 6 zaidi ya aliyovuna mwaka juzi, je, mwaka juzi alivuna mangapi? Aliyefundishwa kuwinda atajibu 30, na aliyefundishwa kusoma atajibu 18. Dawa yake ni kumtaka mtoto asome swali, afunge kitabu, kisha aseme kwa maneno yake nini kimetokea, akianza kwa Kisukuma kama ndicho kinachomjia haraka, na kurudia kwa Kiswahili baada ya kuelewa. Katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa mwaka 1968 chini ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yapo maonyesho ya namna makundi mbalimbali ya rika yalivyokuwa na maneno yao ya kuhesabu moja hadi kumi, na mzazi anayempitisha mtoto pale humwonyesha kwa macho kwamba majina ya namba yanaweza kubadilika bila kiasi chenyewe kubadilika.

Jozi moja ya istilahi inastahili kutajwa kwa sababu huwagharimu watoto alama kila mwaka: Kigawo Kikubwa cha Shirika, kifupi KKS, na Kigawe Kidogo cha Shirika, kifupi KDS. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila kubakiza, na kigawe ni namba inayopatikana kwa kuizidisha nyingine kwa namba nzima. Kwa hiyo KKS ya 12 na 18 ni 6, na KDS yake ni 36. Neno "kikubwa" humvuta mtoto kwenye jibu kubwa na "kidogo" kwenye jibu dogo, kinyume kabisa cha ukweli. Inatosha mtoto azoee kukumbuka kwamba KKS haiwezi kuzidi namba ndogo kati ya alizopewa, wala KDS haiwezi kuwa ndogo kuliko iliyo kubwa.

Mzazi anayeiogopa Hisabati hana budi kuwa mwangalifu na namna anavyosaidia. Utafiti wa Erin Maloney, Sian Beilock na wenzao, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusu watoto wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani, ulionyesha kwamba watoto wa wazazi wenye hofu kubwa ya hesabu walijifunza kidogo zaidi katika mwaka wa masomo na kuogopa zaidi pale wazazi hao walipowasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani, ilhali hofu ya wazazi haikuwa na madhara hayo pale waliposaidia kwa nadra. Kilichoambukiza ni usaidizi uliofanywa kwa wasiwasi, na kwa hiyo mzazi wa aina hiyo anafaa zaidi kuwa msikilizaji kuliko mwalimu. Kiboko na matusi havina nafasi hapa, na sababu ni ya kitaalamu kabla ya kuwa ya kimaadili: mtoto anayeogopa kuadhibiwa hulificha kosa, na kosa lililofichwa haliwezi kuchunguzwa.

Kuhusu ratiba, nusu saa kwa siku kabla giza halijaingia inatosha kwa mtoto wa darasa la nne, na ya darasa la saba haina haja ya kuwa ndefu sana kuliko hiyo. Kilicho muhimu ni kuchanganya mada. Doug Rohrer na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha wanafunzi wa darasa la saba katika jimbo la Florida, waliona kwamba waliofanya mazoezi yaliyochanganya mada mbalimbali walifanya vizuri kuliko waliomaliza mada moja kwa mkupuo kabla ya kuhamia nyingine, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi mtihani ulipokuja baada ya mwezi mmoja kuliko ulipokuja baada ya siku moja. Maelezo yake yanaeleweka: mwenye maswali 20 ya asilimia mfululizo hahitaji kufikiri ni njia gani itumike, wakati mtihani humtaka afikiri hivyo katika kila swali. Maswali matano au sita ya mada tofauti, moja likiwa lile lililokosewa wiki iliyopita, yana thamani kuliko kurasa tatu za zoezi moja. Mchezo wa isolo, ambao ni ndugu wa bao, humzoeza mtoto kuhesabu mbele na kubashiri kete itakapoishia, na unafaa jioni. Wanaodai kwamba unaweza kuchukua nafasi ya masomo, hata hivyo, wanautwisha mzigo usio wake, kwani hautamfundisha mtu desimali.

Ufundi wa siku ya mtihani uachwe hadi wiki za mwisho, na usichukue muda mwingi. Mtihani wa maswali 45 kwa saa 2 humwachia mtoto wastani wa dakika 2 na sekunde 40 kwa swali, kwa hiyo ajifunze kuliruka swali gumu na kulirudia, akihakikisha kwamba anapoliruka kwenye karatasi ameruka pia mstari wake kwenye fomu, kwa maana kivuli kilichosogea mstari mmoja huharibu majibu yote yanayofuata. Karatasi za mitihani iliyopita zitumike kwa tahadhari, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na kwa hiyo karatasi aliyofanya kaka huenda isifanane na atakayofanya mdogo wake; mwalimu wa somo ndiye wa kuulizwa fomati inayotumika kwa darasa husika.

Yapo mambo yasiyoweza kutatuliwa nyumbani. Tangu mwaka 2010 tathmini za Uwezo, ambazo huwapima watoto majumbani kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, zimekuwa zikiwakuta watoto wa madarasa ya juu wasioweza kutoa au kuzidisha namba ndogo, na mtoto wa aina hiyo hasaidiwi na maswali ya mtihani wa taifa hata yakiwa mengi kiasi gani. Mzazi anaweza kumtambua kwa kupanda ngazi moja baada ya nyingine: kusoma namba, kulinganisha ipi ni kubwa, kujumlisha, kutoa, kisha kuzidisha, na kusimama pale mtoto anapokwama. Akikwama chini ya ngazi ya kutoa, mwalimu wa kufuatwa kwanza, daftari likiwa mkononi, ni yule anayefundisha kusoma, kuandika na kuhesabu katika darasa la pili la shule hiyohiyo, hata kama mtoto mwenyewe yuko darasa la sita.